Mkono wa Kulia wa Meli

Ujiji, 4 Juni 2007

Mdogo wangu Anatoli,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Hapo kambini Mtabila mavuno yamekuwaje? Mimi nipo, ila si wa kuulizwa habari: figo zimechoka, miguu imevimba, na binti yangu Hasna amenikataza chumvi. Mwalimu mzima nanyang'anywa kachumbari!

Najua tangu ulipochukuliwa na askari mwaka 1997 nimekuandikia mara mbili tu. Leo nina ombi dogo. Nimezitoa roboti zetu za plastiki kabatini, thelathini na moja, nikazipangusa vumbi. Kumi na mbili ni zako, nilizichukua chumbani kwako zisipotee. Kipara bado anageuka fuso. Mama Kiuno bado anakatika kila akitaka kuwa ndege. Zote feki, kama sheria yetu: orijino wote ni sawasawa, lakini feki kila mmoja ana kilema chake, na humjui mpaka umkunje.

Ule mkono wa roboti ulioondoka nao mfukoni siku ile, unao bado? Kama unao, mpe Pastory, dereva wa basi la Kasulu, aniletee.

Kaka yako,
Abdulkarimu


Mtabila, 21 Juni 2007

Kaka Abdulkarimu,

Amahoro, na shikamoo. Pole sana kwa figo. Sisi tupo. Kila mkutano hapa ni habari ya kurudi Burundi, na mimi huko sina hata mlango wa kubisha.

Mkono ninao. Lakini nina swali. Mkono huu ni wa roboti-meli, hauingii kwenye roboti nyingine yoyote, nawe unalijua hilo. Na barua yako ya mwaka 1998 ninayo hapa. Uliandika: "Ile meli imepotea, pole." Kama meli imepotea, mkono wa nini? Mke wangu Agnesi angekuwa hai angecheka: "Leo mwalimu kashindwa hesabu."

Nijibu kwanza, ndipo nimtafute Pastory.

Mdogo wako,
Anatoli


Ujiji, 9 Julai 2007

Mdogo wangu,

Salamu. Hali yako siiulizi, najua umekasirika. Yangu umeshaisikia.

Umenikamata. Meli haikupotea hata siku moja. Ipo hapa mezani, imesimama na mkono mmoja. Wala mkono sikuuhitaji. Nilitafuta kisingizio cha kukuandikia, nikatafuta kibovu.

Unakumbuka tulivyoinunua pale dukani Mwanga, tukarudi njia nzima tukibishana ilale kwa nani? Ikikunjwa, mikono inakuwa ubavu wa meli, na ubavu wa kulia ukagoma. Asubuhi ya siku uliyochukuliwa nilikukuta kibarazani kwako umeufungua mkono wa kulia, unaupiga tupa. Nikaona kwamba mikono yote miwili ni ya kushoto. Nikasema umebadilisha, umechukua ule mzuri wa kulia ukauficha. Ukaapa: "Kaka, imetoka hivi kiwandani." Nikakuita mwongo mbele ya Agnesi.

Saa moja baadaye mjumbe wa nyumba kumi alikuja uani kwangu. Askari walikuwa wakitafuta wakimbizi waliojichanganya mjini. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu Athumani fundi redio ni mtu wa hapa?" Swali hilo nilishalijibu mara nne kabla ya siku hiyo: ni mpwa wa marehemu mke wangu. Jina lenyewe nilikupa mimi, nikakutania, Athumani gani asiyejua hata Fatiha. Lakini siku ile nilikuwa na hasira ya plastiki. Nikasema, "Mwulize mwenyewe. Mimi kwao sikujui."

Maneno matano. Nilidhani watakuhoji, utetemeke kidogo, kisha nije kukudhamini. Kabla ya alasiri lori lilikuwa limeondoka nanyi.

Mwezi uliofuata nikaikuta meli nyingine duka lile lile. Nikaikunja palepale. Mikono miwili, yote ya kushoto. Muuzaji akasema, "Zimekuja hivyo katoni nzima, mwalimu." Ndipo nilipokuandikia kwamba yetu imepotea. Ningesema ipo, ungeniuliza kama inafunga.

Miaka kumi nimejiambia kwamba askari wangekupata tu. Huenda. Lakini mlango wako niliwaonyesha mimi. Na Agnesi akafa kwa malaria masika yale ya kwanza kambini. Katika chumba changu cha nje, mlichokuwa mkilala, chandarua chenu bado kinaning'inia.

Nampa Pastory meli. Ni yako. Mkono baki nao. Nataka jibu tu, na nalitaka nikiwa hai.

Kaka yako, ukitaka kuniita hivyo,
Abdulkarimu


Ujiji, 2 Septemba 2007

Anatoli,

Hujambo? Anayeandika ni Hasna, maneno ni yangu. Vidole havishiki kalamu.

Wiki nane! Pastory anaapa kwamba meli alikukabidhi wewe mwenyewe, ukaipokea ukaingia ndani bila hata ahsante. Basi nitukane. Hata matusi yanaandikwa, nami nilikufundisha imla ya Kiswahili mwenyewe. Mwanafunzi akikataa kujibu nilikuwa nampa sifuri. Wewe nikupe nini?

Daktari amenikataza kufunga Ramadhani. Kwa jinsi alivyomtazama Hasna, sidhani kama Idi nitaiona. Hasna hataki kuandika sentensi hiyo. Nimemlazimisha.

Kaka yako,
Abdulkarimu


Mtabila, 19 Oktoba 2007

Kaka Abdulkarimu,

Shikamoo. Idi mubaraka, ingawa imepita wiki. Miguu imepungua? Hasna hajambo?

Yale maneno matano niliyasikia. Nilikuwa nje ya ua wako, naja kukuomba radhi kwa kosa lisilo langu, tusilale na ugomvi. Nilikimbia kumwambia Agnesi afungashe, lori likatuwahi. Miaka kumi nilingoja uyaseme wewe, nawe ukaniletea habari za Kipara na Mama Kiuno!

Meli ilipofika nilitaka kuitupa chooni. Siku kadhaa ilikaa chini ya kitanda. Kisha nikauchukua ule mkono. Tupa sina, nimeusugua kwa jiwe, nikaigeuza bawaba yake kwa msumari wa moto. Ulivunjika mara mbili, nikauunga, nikaanza upya. Hasira ninayo, sikatai, lakini si hasira peke yake iliyonichelewesha. Mkono wa kushoto haukubali upesi kuwa wa kulia.

Pastory anakuletea meli na mkono wake. Kwangu imefunga mara saba, ya nane ikagoma. Ni feki, tutafanyaje.

Roboti nimekusamehe. Kuniita mwongo, nimekusamehe. La Agnesi sijaweza, na sitaandika uongo hapa ili ufe vizuri. Nataka ulitaje jina lake mbele yangu, useme ulichofanya, nikiwa nakutazama. Nimepata kibali cha kutoka kambini siku moja, Jumatano ijayo. Kwa hiyo usiniwahi.

Ikunje mwenyewe, si Hasna. Ikifunga, iweke dirishani, upande wa barabara, niione kabla sijapiga hodi. Nikikuta dirisha tupu, nitapiga hodi hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Anatoli