Mawe Niliyoyatupa Ofisini Mwako

Baba,

Sijui mtu aliye kaburini husalimiwaje, kwa hiyo nakupa salamu ile ile ya kila asubuhi: shikamoo. Usiitikie kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, ndipo uamue kama bado nastahili kuitikiwa.

Ofisi yako ni safi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninalosifiwa. Siku ya nne baada ya kukuzika, askari alikuja nyumbani kusema kwamba Bwana Shauri, yule Mjerumani uliyemwandikia mashauri, ananiita bomani. Karani mpya alikuwa njiani kutoka pwani, na Mjerumani hakutaka akute karatasi zimetapakaa sakafuni. Alijua nilikuwa nakusaidia kunakili barua. Akanipa siku sita. Mama akasema, "Nenda, Damari, kamtunzie baba yako jina." Nikaenda na ufagio wangu mwenyewe.

Nilipofungua mlango ule nililia, na si kwa huzuni peke yake. Niliona aibu. Karatasi za mashauri zilikuwa chini, zimefuata ukuta, kila moja imekaliwa na jiwe. Jiwe jekundu, jiwe jeupe, jingine lina matope makavu ya korongoni. Nikajiambia, huyu karani atacheka, atasema mtangulizi wake alikuwa mchunga mbuzi.

Niliyatupa, baba. Niliyabeba kwa kikapu, safari baada ya safari, nikayamwaga nyuma ya zizi la punda. Karatasi nikazipangusa, nikazipanga kwa herufi ya kwanza ya jina, kama tulivyofundishwa misheni, nikazifunga mafungu mafungu na kuzitia kabatini. Nikanyunyiza maji, nikafagia mpaka pembeni. Bwana Shauri akasimama mlangoni, akasema, "Sasa hii ni ofisi." Nilifurahi. Acha nikiri hata hilo.

Nilikuwa nimesahau. Nilipokuwa mdogo nikikuletea uji, siku moja nilitaka kuuruka mstari ule wa mawe, ukanishika mkono: "Pitia huku, mama, hapo pana mtu." Nilidhani unanitania. Wala sikukuuliza. Mama ndiye aliyenieleza, nilipokwisha kuharibu, kwamba kila mwenye shauri ulimwagiza alete jiwe kutoka kwake, ili yeye asiyejua kusoma aweze kuionyesha karatasi yake kwa kidole chake, asimtegemee mtu. Ndiyo maana hukuandika vijiji. Uliandika jina tu, jiwe likakutosha.

Na walikuwapo kina Malogo wawili.

Mmoja ni mzee wa upande wa Msalato. Alishtakiwa kwamba ng'ombe wake walikula shamba la boma, mashahidi wakasema ng'ombe wale hawakuwa wake. Wa pili ni kijana aliyemchoma jirani mkuki kisimani. Mashauri yote mawili yalikuwa yamekwisha kuamuliwa kabla hujaugua. Karatasi moja uliandika, "Malogo. Aachiwe." Nyingine, "Malogo. Mwaka mmoja mnyororoni." Ilibaki kuwasomea. Walikuwa ndani wote wawili, wakingoja upone.

Siku ya kusomewa, Bwana Shauri alikuwa safarini. Aliyeachiwa kazi ni mkuu wa askari, naye hajui kusoma. Nikasoma mimi. Waliletwa wote wawili, na yule mzee akaniamkia, "Mbukwa, mwanangu." Kisha akainama akatazama chini ya ukuta, mwanzo hadi mwisho, kama anayetafuta sindano. "Jiwe yangu iko wapi?"

Nikamjibu, "Mzee, hapa ni ofisini, si korongoni."

Baba, nilimjibu hivyo.

Karatasi iliyotangulia katika fungu ilikuwa ya mnyororo. Nikaita, "Malogo." Mzee akaitika kwanza, kwa adabu tu, kwa kuwa ameitwa na serikali. Basi ikawa yake. Alipojaribu kusema, askari mmoja akamkatiza: "Twende, babu! Mawe unayoyatafuta yako huko barabarani, utayavunja mpaka uyachukie." Wakacheka. Yule kijana nikamsomea iliyobaki: "Aachiwe." Alitoka taratibu, alipofika nje ya geti nikaona anakimbia.

Siku kadhaa baadaye mke wa mzee alikuja na maziwa kwenye kibuyu, akakaa kizingitini kumngoja mumewe. Alipoeleza kwamba mumewe ndiye Malogo wa shauri la ng'ombe, ndipo nilipojua. Bwana Shauri aliporudi nilimwambia yote. Akafungua kabati, akatazama mafungu yangu, akasema, "Karatasi ziko sawa. Shauri limekwisha." Wakati huo mzee alikuwa amekwisha kupelekwa Kilimatinde kwenye kazi ya barabara.

Karani mpya amefika. Analipenda kabati. "Dada, umenirahisishia kazi," ananiambia. Watu wanakuja, wanainama, wanaitazama sakafu tupu, wanaondoka bila kuuliza. Nilikwenda nyuma ya zizi nikayaokota mawe, nikayapanga juani, nikakaa nayo mchana kutwa. Sikumjua hata mtu mmoja. Mimi niliyesoma.

Mke wa Malogo hanilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Ameniambia tu, "Yule anaumwa kifua. Mnyororo hauwezi."

Kesho asubuhi tunaondoka naye kwa miguu kwenda Kilimatinde. Mama alikataa, akalia, kisha akanifungia unga. Nimenakili maneno ya mashahidi kutoka daftari la mashauri, nililopaswa kulifungua siku ile, nikaandika kijiji, nikaandika jina la baba yake na la babu yake, na chini nimeandika kosa langu na jina langu. Mkubwa wa Kilimatinde anaweza kuichana karatasi hiyo. Anaweza kunifunga. Sina tumaini kubwa, baba, nisikudanganye.

Lala. Sikuombi msamaha, maana ungenipa upesi, ulinipenda mno. Nakuahidi hili tu: nikimkuta hai, sitatoka Kilimatinde bila yeye. Nikimkuta amekufa, nitamtafuta aliyemzika anionyeshe mahali, na nitamfikisha mkewe hapo kwa mkono wangu, na nitakiri tena mbele ya kaburi ni nani aliyesoma.

Mwanao,
Damari