Kicheko Kikiisha, Kijiko

Jumatatu, 2 Juni 2025

Juni ya huku kusini mwa dunia, baridi ya kukata masikio. Nimeshuka treni stesheni ya Westmead nimejikunyata, vidole vimekufa ganzi.

Lakini Des amekula! Bakuli lote la supu ya maboga, na kastadi juu. Wiki tatu nimehangaika na huyo mzee — miaka themanini na tisa, Mwingereza wa Leeds, koo limelegea, akiharakishwa anapaliwa. Kwenye faili lake kila mtu ameandika anakataa chakula. Hakatai! Hataki kula peke yake, basi.

Nimegundua dawa yake. Saa sita mchana, kwenye nyumba yetu ya wazee, huwa tunawawekea zile komedi za zamani za Uingereza, za studio. Sebule ya kuta tatu, kochi, mlango wa majirani kuingilia bila hodi, na watu halisi wamekaa mbele wanacheka. Waigizaji wakiongea, Des anatega sikio. Watu wakicheka, naye anacheka, na hapo simgusi. Kicheko kikififia uso unatulia, mdomo unalegea — kijiko. Anameza wakati wanaongea. Kicheko kingine, nasubiri, kijiko. Dakika arobaini, bakuli jeupe.

Mimi mwenyewe nilizikulia hizo. Kisumu, kwa jirani, TV moja ya ploti nzima, tumejazana hadi mlangoni. Kiingereza chao nusu hatukukielewa. Wa ndani ya TV wakicheka, nasi tunacheka.

Jumatano, 4 Juni

Sina amani.

Leo tuliweka diski nyingine kutoka lile boksi alilotuletea Lorraine, binti yake Des. Ya miaka ya sabini. Katikati akaingia mwanamume amejipaka masizi uso mzima, midomo ameichora mikubwa myekundu, anajifanya ametoka Afrika. Studio ikalipuka. Na mimi — Mungu wangu — mimi nikacheka. Mkono uko kwenye kijiko, sikio liko kwenye kicheko, nikacheka kama ninavyocheka kila siku. Ndipo macho yakaona ninachokicheka.

Des alikuwa ameshanyamaza. Ananitazama. “Sorry, love. That's not on.” Yaani haikubaliki. Akafunga mdomo, hakuufungua tena.

Emérance, mhudumu mwenzangu, alikuwa meza ya pili akimlisha mama mmoja. Aliweka kijiko chini, akaenda kuosha mikono, akaiosha muda mrefu.

Nimeandika ripoti ya zamu. Mwalimu wetu wa uuguzi kule nyumbani alitukaririsha tuandike kila kitu, hata chafya. Basi nikaandika: mzee ameacha kula, kwenye skrini kulikuwa na nini, na jinsi alivyomwomba radhi mhudumu Mwafrika. Nilitaka waone ana utu! Ukurasa mzima.

Kwamba nilicheka, sikuandika.

Ijumaa, 6 Juni

Mdomo wangu mrefu, kalamu yangu ndefu zaidi!

Meneja Tracey ameniita ofisini, ameshafunga mlango kabla sijakaa. Ripoti imefika makao makuu. Boksi limeondolewa — diski zote, si ile moja. “You should feel safe at work, Wilkister.” Nikamwambia niko sawa, toeni ile mbaya, tuachieni nyingine. Akasema hana mtu wa kukaa na kuzitazama zote achague. Isitoshe hata Waingereza wenyewe wameziacha, siku hizi hutengenezwa chache mno, vijana hawataki kuambiwa wacheke wapi.

Nilitaka kumjibu kwamba wale watu hawamwambii mtu acheke. Wamepanga foleni, wamekaa kwenye viti, na mzaha ukiwa mkavu unasikia kabisa umekauka, mwigizaji anatoka jasho. Pale hakuna kudanganya. Lakini nilisema “okay”. Mimi na ofisi!

Mchana wakaweka komedi ya kisasa. Kamera inatikisika, watu wako kazini wanatazamana kimya, utajua mwenyewe pa kuchekea. Des akatazama dakika kumi, akaniuliza nani amekufa.

Vijiko vinne.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani Liverpool, hii ya huku, si ile ya Uingereza. Baada ya ibada nilimfuata Emérance kwenye sufuria za pondu, kisamvu cha kwao. Nikamwambia Mama Bénie — ndivyo tunavyomwita Emérance — kuna kikao Alhamisi, binti yake Des analalamika, anataka boksi lirudi. Tukisema sote wawili kwamba ni kipindi kimoja tu, watalirudisha.

Akaendelea kupakua. Akasema: “Ile boksi ipotee. Miye pale nilisikia mubaya vile nilisikiaka kwa kambi ya bakimbizi, siku banatucheka kwa laini ya chakula. Weye ulicheka, Mama Wilki. Nilikusikia.”

Nikasema nilicheka bila kuona. Akasema anajua, na ndiyo ubaya wake. Kicheko cha watu kinakuchukua, unajikuta uko upande wao.

Nimekula pondu yake na macho chini kama mwizi.

Jumatatu, 9 Juni

Sikukuu ya Mfalme. Wengine wamelala, mimi zamu.

Lorraine amekuja na maua. Mwanamke mzuri, haongei kwa dharau. Ameniambia baba yake alipofika nchi hii walimweka hosteli ya wahamiaji pale Villawood, mabati matupu, kila mtu na lugha yake na kilio chake. Jioni wote walikwenda kwenye ukumbi wa kulia, wakacheka mbele ya TV moja. Anasema baba aliamua kutorudi Leeds kwa sababu ya ule ukumbi.

Nusura nilie. Nilimwona Des kijana, sahani mapajani.

Kisha akanishika mkono. “If you tell them you weren't offended, they'll have to listen. Coming from you.”

Kutoka kwangu! Tracey anataka niseme niliumia ili afunge faili. Lorraine anataka niseme sikuumia ili boksi lirudi. Wote wananibembeleza, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ilikuwaje. Nimeudhika. Nimeudhika hata na maua yake.

Jumatano, 11 Juni

Des leo ni kilo arobaini na saba na nusu. Wiki iliyopita alikuwa arobaini na tisa. Daktari anakuja kesho, na neno “mrija”, wa kulishia tumboni, limeshatajwa mara mbili.

Leo nimefanya ujinga. Kwenye TV wameweka samaki wa rangi, wanaogelea kwenye matumbawe, kinanda kinalia. Nikamwambia Des mimi ndiye studio. Samaki akigeuka, nacheka. Ha ha ha! Nikafifisha kicheko vizuri kabisa, nikaleta kijiko. Wazee wengine wakanigeukia. Des akanipapasa mkono polepole, kama mtu anayempa pole mfiwa. Mdomo hakuufungua.

Mtu mmoja hawezi kuwa watu.

Na usiku huu najiuliza: ningekuwa mimi kwenye vile viti vya studio, mwaka ule, nimekaa katikati ya mia tatu? Ningecheka. Naogopa jibu hilo kuliko kikao.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kwenye stoo ya mashuka, nimekalia mfuko wa taulo. Kikao kimesimama dakika kumi, Tracey anasema nipumue. Saa sita na robo. Kupitia ukuta nasikia vikombe vya ukumbi wa kulia.

Tulikuwa watatu. Tracey, Lorraine, mimi. Emérance aliitwa, akakataa, akasema wazee hawatajilisha.

Tracey amenisogezea fomu. Sehemu moja tu ya kujaza. Je, maudhui yalikuumiza, ndiyo au hapana? Lorraine akanitazama, akatabasamu kunipa moyo.

Nikasema: “I laughed.”

Tracey akaniuliza kama ina maana hapana. Nikasema haina maana hapana. Lorraine akauliza kama basi ni ndiyo. Nikasema nilicheka, halafu niliumia, na kuna mtu mwingine aliumia kwa sababu mimi nilicheka, na mzee anakufa njaa, na vyote vinne ni kweli. Nadhani nilipaza sauti. Tracey akasema fomu haina nafasi hiyo. Ndiyo maana niko hapa na mataulo.

Ndiyo — boksi linarudi? Hapana, hilo ni hapana. Hapana ndiyo inayolirudisha. Nimeanza kuchanganyikiwa. Nikiandika hapana, Des atakula. Nitamtazamaje Mama Bénie?

Ngoja.

Watu wanacheka. Huko ukumbini. Si wazee wetu — ni wengi, mia tatu, wanacheka pamoja, sauti nyembamba kama ya simu. Inafifia. Kimya. Waigizaji wanaongea. Wanacheka tena.

Nimefungua mlango kidogo. Meza ya dirishani, Emérance. Ameegemeza simu yake kwenye chupa ya sosi mbele ya Des, ameiinamia sahani, uso umekaza kama jiwe. Kicheko kikaisha, akapeleka kijiko. Mdomo ukafunguka! Akasubiri. Kicheko. Akasubiri. Kijiko.

Akaniona mlangoni. Hakutabasamu. “Miye sicheke,” akasema. “Namulisha tu.”

Simu kazini ni onyo la maandishi, na yeye ameshapata moja. Kicheko kingine, kikubwa kuliko vyote. Mlango wa ofisi umefunguka. Viatu vya Tracey hivyo, korido nzima, na fomu bado iko mkononi mwangu, na Des bado hajamal—