Siuzi Pagale la Kisarawe

Jumapili jioni, Maili Moja.

Mawingu yalijikusanya tangu adhuhuri tukadhani ni mvua, kumbe yalikuja kutuongezea joto tu. Nimeshaoga na bado nasikia vumbi la Kisarawe kwenye nywele. Miguu inauma, koo limekauka kwa maneno, na nina hasira ambayo, nikisema ukweli, naifurahia kidogo.

Leo tulikwenda kuuza nyumba yetu.

Hatukuuza.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, mimi nashona mapazia. Nina cherehani na meza ya kukatia kwenye fremu ndogo ya duka ninayopanga hapa Maili Moja. Mume wangu, Selemani, anafyatua matofali ya saruji, na uwanja wake uko Picha ya Ndege, kando ya barabara. Kwa hiyo watu wakijenga na kuhama sisi tunakula, na wakiacha tunakaa tunatazamana. Siku hizi tunatazamana sana.

Kuna kipindi, yale maneno ya viwanda na reli na barabara mpya yalipopamba moto, Picha ya Ndege watu walinunua viwanja hata bila kuviona. Selemani alikuwa haonekani nyumbani mchana. Mimi nilikuwa natoka dukani na nyuzi zimening'inia kwenye hijabu, sina hata muda wa kujitazama kwenye kioo. Sasa hivi ukipita kule kila ukuta umeandikwa. Inauzwa. Inapangishwa. Inauzwa haraka. Nyingine nimezishonea mapazia mimi mwenyewe, najua hata rangi ya sebule. Wateja wanaokuja kwangu wanaleta mapazia ya zamani niyapunguze, maana wamehamia kwenye chumba chenye dirisha dogo. Matofali ya Selemani yamepangwa uwanjani mpaka yameota majani katikati, na mbuzi wa jirani wamegeuza pale kuwa kitanda chao.

Mwenye nyumba wetu hapa, Bi Zuhura, naye kabadilika. Huyu ndiye mama aliyekuwa anataka kodi ya miezi sita mkononi, hataki kusikia habari ya kuumwa wala ya msiba. Alikuwa akipita uani anajibu shikamoo kwa pua. Tangu wapangaji wa upande wa pili waondoke na vyumba vikae na kufuli, ananiwahi yeye kuniuliza nimeamkaje. Juzi kaniletea visheti kwenye sahani yake ya maua. Mwanangu, kasema, nyinyi lipeni hata mwezi mmoja mmoja, mimi sina neno. Nilikula visheti vyake nikicheka peke yangu jikoni. Ilikuwa raha chafu lakini ilikuwa raha.

Haya, sasa pagale.

Tuna nyumba Kisarawe ambayo haijaisha. Kiwanja nilikinunua mimi, kwa pesa za mchezo wa kupeana kwa zamu tuliokuwa tunacheza kina mama wa hapa sokoni. Matofali ni ya Selemani, aliyafyatua mwenyewe kwa mikono yake, siku ambazo vijana wake walikuwa wamepumzika. Tumeezeka. Dari hakuna. Plasta imefika vyumba viwili ikaishia hapo, na madirisha ni matundu tu. Mpango ulikuwa tumalizie, tupangishe, kodi ya kule itulipie kodi ya huku. Mpango mzuri kabisa, wakati wapangaji walipokuwepo.

Tangu mfungo uliopita Selemani ameshika wimbo mmoja. Tuuze. Tuuze kabla bei haijazidi kuanguka, nifufue uwanja, mambo yakikaa sawa tutajenga tena. Mimi nilimwambia mtu hauzi nyumba siku ambayo kila mtu anauza nyumba. Akasema simwelewi. Nikasema namwelewa sana, ndiyo maana nakataa. Tulifikia mahali tukawa tunaongea kupitia kwa Rehema, binti yetu: mwambie baba yako chai ipo, mwambie mama yako nimeshiba.

Ndipo nikafanya nilichofanya. Nilichukua rangi nyekundu ya mafuta, nikaenda Kisarawe peke yangu, nikaandika kwenye ukuta wa mbele kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Kila mtu anaandika hivyo. Unaandika ili matapeli wasije wakaiuza nyumba yako mara tatu kwa watu watatu huku wewe umelala. Nilirudi nyumbani nimetulia kama mtu aliyefunga mlango.

Wiki ile ile madalali wakaanza kupiga simu.

Aliyenifumbua macho ni huyo dalali aliyetuletea mteja leo, anaitwa Chande, kijana ana maneno mengi na viatu vyeupe ambavyo sijui anavisafisha saa ngapi. Aliniambia bila hata kuona haya. "Dada yangu, nyumba ambayo mwenyewe haiuzi kweli haina maandishi. Ukiona mtu ameandika haiuzwi, ujue humo ndani kuna mmoja anataka na mmoja hataki. Sisi hapo ndipo tunapopiga hodi." Kwa hiyo nilikuwa nimechukua ugomvi wangu na mume wangu nikaupaka ukutani, Kisarawe nzima wausome. Mama yangu, ambaye nyumba yake iko karibu na pale, ameshaniambia yake kuhusu hilo na sitayaandika hapa.

Nilijisikia mjinga, sawa. Ila sikwenda kuyafuta.

Selemani akaongea na Chande kwa upande wake, wakapanga leo. Nilikwenda kwa sababu kiwanja kina jina langu na bila mimi hakuna kinachosainiwa. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema hapana, na pia, niandike tu, nilikuwa nimejiandaa kushindwa. Ada ya Rehema inakaribia. Uwanja haujauza tofali la maana kwa muda mrefu. Mtu anaweza kuwa na msimamo wote duniani na bado akaishia kusaini.

Mteja alikuwa bwana wa makamo kutoka Dar, mpole wa sauti, miwani ya jua hakuivua hata ndani. Alitembea chumba hadi chumba, Chande nyuma yake akimsifia upepo. Akatazama juu kwenye mbao za paa, akaguna. Akatazama chini, akaguna. Mimi nilisimama mlangoni pa chumba ambacho kichwani mwangu ni cha Rehema, nikawa namchukia kila alipoguna.

Halafu akataja bei. Sitaiandika. Nitasema tu kwamba haikufikia hata gharama ya mabati ya juu.

Nilimtazama Selemani. Alikuwa anatazama chini, anasugua kidole gumba kwenye kiganja, na mimi namjua, akifanya hivyo anahesabu moyoni. Alikuwa anakubali.

"Hapana," nikasema.

"Mama Rehema, subiri kidogo," akasema yeye, kwa upole, bila kunitazama.

Yule bwana akaona ameshashika pazuri. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akausimika kwenye tofali la ukuta usiopigwa plasta, akakwangua. Wanunuzi wengi hufanya hivyo. Mchanga ukimwagika, wanakuambia saruji iliibwa, na bei inashuka palepale. "Mimi hapa nanunua kiwanja tu," akasema, tena kwa adabu. "Hili jengo itabidi nilipe watu walibomoe."

Selemani aliinua kichwa.

"Kwangua tena, kaka," akasema.

Yule bwana akakwangua tena. Haukumwagika mchanga. Kulibaki mstari mwembamba unaong'aa, na huo ulitoka kwenye ufunguo.

"Na hapa." Akamvuta kwenye ukuta wa pili. "Na pale kwenye kona, kona ndiko watu huibia. Kwangua usiogope." Alimzungusha nyumba nzima namna hiyo, sebuleni, jikoni, mpaka kwenye kibaraza, hakupandisha sauti hata mara moja. Bwana wa watu alianza kutoka jasho. Chande viatu vyeupe vilikuwa vimeshaingia vumbi na maneno yalikuwa yamemwishia, akabakiwa na lile moja tu la kazi yake.

"Haya jamani, tuongee kiutu uzima. Mwisho wenu ni ngapi?"

"Muulize mwenye kiwanja," Selemani akasema.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu asubuhi, yenye mpangilio, yenye hoja. Yote ilipotea. Nilichosikia kikitoka mdomoni mwangu ni hiki: "Tunahamia mwisho wa mwezi."

Nami nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.

Selemani alinitazama. Niliona anapita vyumbani kwa mawazo, dari hakuna, choo hakijafunikwa, umeme bado uko kwenye nguzo ya jirani. Nilisubiri aniambie subiri. Akamgeukia Chande. "Umemsikia."

Walipoondoka tulibaki tumesimama sebuleni kwetu, kwenye udongo, hatujui tuanzie wapi. Nikafungua mkoba nikatoa futi, maana futi haiachani na mimi hata nikienda msibani, nikaanza kupima madirisha. Selemani alishika ncha ya pili bila kuombwa. Tulipima yote. Tutapigilia mbao na maturubai kwa nje kwanza, kama wanavyofanya wote wanaohamia kwenye nyumba ambazo hazijaisha, lakini kwa ndani kutakuwa na mapazia, tena marefu, yanayogusa chini. Nina vitambaa dukani ambavyo wateja waliviagiza wakavikimbia. Vizuri sana. Nilikuwa navisikitikia, sasa vimepata mwenyewe.

Akaniuliza kama ayapake chokaa yale maandishi ya mbele. Nikamwambia ayaache, nani atayasoma wakati nguo zetu zimeanikwa uani.

Njiani kurudi furaha ilinipungua nikaanza kuumia, na nitaandika kwa nini, maana hapa ndipo mahali pekee ninaposema. Miezi yote hii nimelia, nimebembeleza, nimenuna, nimeeleza kwa hesabu na kwa dini. Hakutikisika. Leo mtu asiyemjua kalikwangua tofali lake kwa ufunguo, akatikisika. Nilimwambia hivyo hivyo tulipokuwa tunasubiri gari. Akasema, "Nilikuwa nimesahau kama ni kazi nzuri." Halikuwa jibu la nilichosema. Lakini nilimwona uso wake wakati anasema, nami nikaacha. Ukikaa uwanjani na matofali yasiyonunuliwa, mwisho unaanza kudhani ubaya uko kwenye matofali.

Mimi mwenyewe nimeshaanza kuyadhania hivyo mapazia yangu.

Tulipofika tulimpitia Bi Zuhura tukampa taarifa, ili asije akaisikia kwa watu. Nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo miaka mingi, nikirudi kwenye ile siku aliyotusimamia mlangoni kwa kodi mbele ya wageni. Akasema atapunguza. Akasema atatuwekea feni. Halafu akakaa kwenye kigoda na sauti ikawa ndogo: "Sasa mwanangu, mkiondoka nyinyi, mimi dawa zangu za hospitali ya Tumbi nitanunua na nini?" Mume wake alimwachia nyumba hii na presha. Hana kingine. Raha yangu yote iliniishia pale pale. Nilimwambia nitamtangazia vyumba dukani kwangu, kila anayeleta pazia la kupunguza nimuulize anakaa wapi. Nitafanya kweli. Lakini sikumwambia tutabaki, na aliponishika mkono sikubadilisha neno. Nimepanga kwenye nyumba za watu, nikawapambia madirisha yao, umri wangu wote wa utu uzima. Inatosha.

Najua yatakayosemwa. Yule fundi mapazia kahamia kwenye turubai. Hali imewabana, kodi imewashinda. Waseme. Wengine watakaosema wanakaa kwenye nyumba zilizoandikwa inauzwa haraka, na simu hailii.

Sijui kama nyumba zitapanda tena bei. Watu wanasema zitapanda, wengine wanasema hii ndiyo hali sasa tuizoee. Nilikuwa naumwa kichwa kwa swali hilo, mpaka leo nilipogundua kwamba mtu asiyeuza halimhusu sana. Ada ya Rehema bado iko pale pale. Kutoka Kisarawe kuja kufungua duka nitaamka na adhana ya kwanza. Mvua ikianza kabla Selemani hajamaliza kupigilia madirisha, tutalala tumejikunja kwenye chumba kimoja chenye plasta, sote watatu na mabegi.

Rehema ameshauliza kama chumba chake kitakuwa na mlango. Nimemwambia kitakuwa na pazia. Akasema achague rangi yeye.

Naogopa. Sitajidai hapa kwamba siogopi. Ila kuanzia mwezi ujao nitakuwa naogopa nikiwa kwangu.