Masikio ya Mama Yalivuma

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Chiungutwa tu wazima, korosho zimeanza kuanguka, na mama yako mguu umepona.

Unaniuliza uamini kipimo kipi, maana huko maabara ya hospitali mmepima kiasi cha dawa katika damu ya mgonjwa mmoja kwa njia mbili na majibu hayafanani.

Enzi ya Mdachi, vita vya Maji Maji vimetoka kuisha, nilishikwa na homa, nikapewa kwinini, dawa ya malaria, ya kunywa pale Masasi. Nikaikataa, kwani wakati ule dawa yoyote ya maji ilitutisha; maji ya dawa ya vitani hayakuwakinga watu wetu na risasi. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, basi mama akanywa zaidi ya nusu kikombe, nikamalizia kilichobaki.

Kesho yake daktari wa Kijerumani alitia matone kwenye mkojo wangu, ukageuka mweupe kama tui. Akasema, "Dawa imo."

Mama alikwisha kusikia kwamba kwinini ikitosha masikio huvuma, akaniinamia. "Masikio yanavuma?"

"Hayavumi."

"Mbona yangu yanavuma tangu jana? Daktari, mwongeze mtoto."

Daktari alicheka, kisha akaelewa kwamba sehemu kubwa ya dawa yangu aliinywa mama, akaniongezea.

Hakuna aliyekosea. Daktari alipima kama dawa imo, mama alipima kama imetosha. Nanyi ulizeni kila kipimo kinajibu swali gani. Siku ile tungeridhika na jibu moja, leo usingekuwa na bibi wa kumwandikia.

Mkeo mzee,
Bibi Somoye