Simba Amesimama Mtoni, na Verb Ziko kwa Mke wa Mwanangu

Mpendwa Mama Phelesia wa redio, mimi ni mzee wa hapa Kegonga na leo naomba msaada, na mtu kama mimi kuomba msaada si kawaida, uliza yeyote hapa sokoni. Anayeandika ni Motari wa duka la simu, mimi nasema yeye anaandika, na ameapa hatacheka ingawa ameshaanza.

Mama, nimechoka. Binti yangu Bhoke aliolewa na Ochieng, kijana wa Homa Bay, wakaenda Canada wakazaa mtoto anaitwa Beverly, na huyo mtoto hajui Kikuria, hajui Dholuo, Kiswahili yake ni neno "jambo" peke yake, yeye ni Kizungu tu, na Desemba wanakuja, na mimi ndio mtu ako na hadithi nyingi kushinda wote kutoka hapa mpaka ziwani, lakini kwa mjukuu wangu mimi ni bubu. Nilijaribu kwa simu kumwambia ile ya simba nilimuua pale mtoni nikiwa kijana, watu wengine hapa wanasema ilikuwa fisi, tena mgonjwa, hao uwaache. Nikamwambia, "Lion." Akaitika. "River." Akaitika. "Spear. Grandfather." Akangoja, na mimi nilikuwa nimefika mwisho. Bhoke akaniambia, "Baba, anauliza, halafu ikawa nini?" Nikamwambia Bhoke basi umwambie wewe. Hadithi mimi huchukua nayo jioni nzima, yeye akaimaliza kwa pumzi moja, kama mtu anasoma tangazo la kifo. Mtoto akasema okay, akaenda kucheza.

Ndio nikaingia ngumbaru, darasa la watu wazima pale kanisani. Mwalimu ni Bathsheba, mke wa mwanangu Gisiri. Sasa wewe unajua kwetu baba na mke wa mtoto wake ni soni, ile aibu ya heshima, simshiki mkono, siingii nyumba yake, na maneno ya kitanda hayatoki kwa mdomo wangu akiwa karibu. Lakini mwanzo haikuwa shida, nilikaa mlangoni mguu mmoja nje, na tulikuwa tunafanya noun, yaani majina ya vitu, "cup", "goat", "door", na hizo unaonyesha tu kwa kidole. Adjective nazo, zile za kusifu kitu, nilizishika haraka kuliko wote, mimi nimeuza ng'ombe maisha yangu yote, "big", "strong", "healthy", hata kama ng'ombe anakohoa.

Halafu zikaja verb, maneno ya kufanya, na Bathsheba anafundisha verb kwa vitendo, unachomoa kadi kwa mkebe, unasoma, unasimama mbele unafanya. Achieng, yule mama wa samaki, alipata "jump" akaruka mpaka benchi ikalia. Zamu yangu ikafika. Nikachomoa, nikasoma mwenyewe bila mtu kunisukuma, neno la kwanza nimesoma peke yangu tangu nizaliwe, na lilikuwa "sleep". Mkeka uko pale chini. Nilale mbele ya mke wa mwanangu, miguu juu, kofia kando? Achieng akasema, "Lala, jaduong', mzee wetu, ama mkeka unauma?" Watu wakacheka. Bathsheba akageuka akaangalia ukuta. Mimi nikachukua fimbo nikatoka, na mpaka leo sijarudi.

Sasa Bathsheba hapiti tena kwa mlango wetu, unga aliokuwa analeta mwenyewe sasa anatuma na watu. Mke wangu Mellen ananiuliza nimefanya nini, nasema hakuna. Niache shule, ama nivunje soni nikiwa na mvi? Desemba haiko mbali na mimi niko na noun peke yake. Motari, funga hapo.

Mzee, Kegonga

JIBU

Mzee wangu, pole. Kuchoka kwako nimekusikia, na shida ya mjukuu ni ya kweli. Lakini wacha nikugombeze kidogo, maana huyo Motari amekuogopa.

Soni hukuivunja. Ungelala kwa ule mkeka ungekuwa umekosea, hukulala. Kosa lako ni kutoka bila neno, ukamwachia Bathsheba aibu ambayo si yake. Yeye hakukuchagulia ile kadi, ni mkono wako uliochomoa. Sasa anapita njia ya nyuma akidhani amemkosea baba mkwe, na wewe umekaa sokoni ukiuza simba. Hiyo ndiyo heshima unayoitetea?

Fanya hivi. Leo mwambie Mellen ukweli wote, na sehemu ya mkeka pia, acheke amalize. Kisha aende yeye kwa Bathsheba, kwa sababu wewe huwezi kuingia na yeye anaweza. Aseme: mzee hana kinyongo, anaomba verb za nyumbani na za kitandani zitolewe kwa mkebe wakati wa zamu yake, au azifanye mwingine. Achieng atalala kwa mkeka na furaha, huyo namjua bila kumwona. Wewe kaa mlangoni kama zamani uangalie, na "sleep" usijali, hiyo hutaisahau mpaka uzikwe.

Na usingoje verb zije zenyewe. Simulia ile hadithi darasani kwa Kiswahili, Bathsheba aandike ubaoni kila kitendo kwa Kizungu: kujificha, kukimbia, kurusha, kuanguka. Hizo unaweza kuzifanya mbele ya mkwe yeyote na kofia yako kichwani. Adjective nakuomba upunguze, hapo huuzi ng'ombe. Na kama ilikuwa fisi, hiyo nayo ina noun yake, uliza.

Usimwachie Bhoke tena hiyo kazi. Tangu ile simu simba amesimama mtoni, mkuki uko hewani, na mtoto bado anangoja halafu ikawa nini. Jumatatu urudi darasani.

Mama Phelesia