Loserian, Nimemchagulia Mwanao Profesa

Ndugu yangu Loserian,

Karatu nzima hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, na nakuambia wewe kwa sababu walio hai nimeshawachosha. Mwanao Nashipai alipata nafasi mbili za kusoma shahada ya pili, zote kwa mpigo, akashindwa kuchagua. Akaja kwa nani? Kwangu mimi, Paskali wa Kansay, niliyeishia darasa la saba, na la saba lenyewe nililipita nikiwa mbioni. Nikakaa, nikakunja nne, nikamchagulia. Msomi mwenye digrii kachaguliwa pa kusoma na dereva wa watalii! Ungekuwepo ungesema, "Wewe Mmbulu, punguza." Sipunguzi.

Nakuandikia hapa ukingoni mwa kreta, nikiwa ndani ya gari. Wageni wangu wako nje wanapiga picha ukungu, maana ndio uliopo. Nimewaambia kwa Kiingereza changu kilichonyooka kwamba chini ya ukungu huo kuna faru. Wameridhika kabisa.

Habari za nyumbani kwanza. Shemeji mzima. Baada ya kukuzika aliacha kuongea, anaitikia tu. Lakini juzi niliingia ndani na viatu vya matope akanigombeza mpaka majirani wakatoka nje, nikajua anarudi. Ng'ombe wako wako Malambo kwa mdogo wako, wazima. Kiti chako pale tunapokunywa supu kilikaa wazi muda, halafu akaja dereva mmoja mgeni mwenye tumbo lake, akakikalia. Nikamwambia hapo pana mtu. Akakiangalia kiti, akaniangalia mimi, akahama na bakuli lake.

Basi, Nashipai.

Siku ile hospitali ulinishika mkono ukasema, "Akikwama, msimamie." Nilikuwa natafuta utani wa kukujibu na haukuja, na mimi nikikosa utani, unajua, sina kitu kingine mfukoni. Sasa ndio akawa amekwama.

Nafasi ya kwanza ilikuwa Ulaya. Chuo chenye jina, kinamlipia kila kitu. Alinionyesha picha kwenye simu, utadhani lodji ya watu wa fungate: bustani, ziwa lenye bata, maktaba yenye ngazi za kuzunguka. Msimamizi wa utafiti wake ni nani? Hajulikani. Atapangiwa akishafika.

Nafasi ya pili haikuwa chuo, ilikuwa mtu. Mama mmoja wa hapa hapa nchini, profesa wa mambo ya nyasi na malisho. Chuo chake madarasa yamechoka, na maabara, anasema Nashipai, inagombania umeme na kantini. Lakini huyo mama alimwandikia mwenyewe kwamba amesoma kazi yake ya digrii yote, ina makosa mengi, na anamtaka aje wachunguze yale magugu yanayofukuza nyasi kwenye malisho ya kwenu. Basi binti anazunguka na simu nyumba nzima, anasoma huku, anasoma huku, chakula hali.

Sasa unamkumbuka mtamba wangu?

Mwaka ule wa ukame Kansay hakuna jani, nikataka kumweka kwa mtu mpaka mvua zirudi. Nikampenda yule tajiri wa Soitsambu. Boma kubwa, bomba la maji, bati linawaka. Nilishamshusha mtamba kwenye gari, nikashikana mkono na mwenye boma, ndipo ukaniuliza, "Umeangalia ng'ombe za wenzako?" Tukasubiri mifugo irudi jioni. Ng'ombe wake mwenyewe wamenona, ngozi inateleza. Wale waliowekwa na watu, kila mmoja mbavu nje. Ukaniambia pembeni, "Boma la mtu usiliangalie. Angalia ng'ombe wa mwenzio anarudije kwao."

Tukampandisha tena kwenye gari. Ananipiga mateke, wewe umeegemea tairi unacheka kile kicheko chako cha puani. Tukampeleka kwa bibi mmoja Malambo, boma lake la miiba limeinama upande, mdomo wake mkali. Alitutukana kabla ya salamu, eti tumempakia mnyama kama gunia la vitunguu. Mvua ziliporudi, mtamba wangu alirudi Kansay na ndama ubavuni.

Kwa hiyo nikamwambia Nashipai: mwanangu, hii ni habari ya mtamba. Usikiulize chuo. Hata profesa mwenyewe usimuulize, hakuna mwenye boma atakayekuambia anakondesha ng'ombe za watu. Watafute waliowekwa huko. Wamerudije?

Akawatafuta. Wa Ulaya alikuwa kijana mmoja wa Moshi, tukaongea naye kwenye simu kwa picha. Akasifia treni, akasifia maktaba, akatueleza theluji kana kwamba sisi tuliomba. Nashipai akamuuliza, "Na msimamizi wako, kaka, alikuwaje?" Yule kijana akarekebisha kola ya shati. "Alikuwa anasafiri sana," akasema. Loserian, niliziona mbavu kwenye kioo cha simu.

Wa yule mama yuko Malambo, dada mmoja anashughulika na mambo ya malisho huko. Nikampeleka Nashipai mwenyewe, siku sina wageni. Tukamkuta dada yuko katikati ya mbuga, kofia kubwa, anabishana na mzee mmoja kuhusu mahali pa kupumzisha ng'ombe, na mzee hashindi. Tukamuuliza habari za profesa wake.

"Yule mama?" akasema. "Simba jike. Amenifokea mpaka nilitaka kuacha shule. Unampa kurasa zako, zinarudi nyekundu tupu."

Nikasema moyoni, basi, imekwisha hiyo. Dada akavua kofia, akajipepea.

"Lakini baba, kila aliponifokea, alikuwa amesoma. Na mpaka leo nikimpigia simu anapokea."

Nashipai aliangalia upande wa maboma ya kwenu, halafu akacheka kwa puani. Nikageuka haraka kuangalia tairi. Tairi lilikuwa zima, nililiangalia tu.

Hapo hapo akapanda juu ya boneti kutafuta mtandao, akamwandikia profesa kwamba anakuja. Jibu likarudi kabla hajashuka: "Vizuri. Nunua viatu vya kutembelea." Ndio hivyo tu, hata hongera hakuna. Nikamkumbuka yule bibi wa boma lililoinama.

Shemeji tulipomweleza jioni alikuwa anakoroga loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, hakuacha kukoroga. "Kwani Ulaya kuna ng'ombe za nani?" akauliza. Kisha akampa binti bakuli la kwanza, kabla yangu mimi mgeni, na mimi nikasubiri langu kwa heshima ya tukio.

Nashipai sasa analala, anakula, anaimba bafuni vibaya kama wewe. Viatu vimenunuliwa, anavivaa ndani ya nyumba ili vizoee miguu, na ukimpita anakutajia nyasi kwa majina ya Kilatini, Kimaasai na yale mengine aliyotunga yeye. Pale mjini yupo mtu mmoja tu aliyesikitika, ambaye alishawatangazia wenzake kwenye supu kwamba mtoto anakwenda Ulaya. Simtaji jina.

Nakuahidi hivi. Nitampeleka chuoni kwa gari langu, nimfikishe mpaka ofisini kwa yule mama, tuonane macho kwa macho, anitukane akitaka. Na kila likizo nitamsubiri stendi nimwangalie anavyoshuka, amerudije. Nikiona mbavu, naenda kumchukua mwenyewe. Nikiona amenona, namleta Malambo moja kwa moja, asimame pale ulipolala, akusomee hayo majina ya nyasi yote. Utasinzia, lakini usikilize.

Haya, ukungu unafunguka. Wageni wameona shimo lote kwa mara moja na wanapiga kelele kama watoto. Inabidi nishuke nao. Pumzika, morani mstaafu. Supu yako nakunywa mimi.

Ila Loserian, pale mwanzo nimekudanganya. Sikumchagulia. Mimi nilimwambia aende Ulaya, nikamnunulia na sanduku la magurudumu, lipo uvunguni kwangu mpaka sasa. Habari ya mtamba aliitoa yeye, kwa maneno yako uliyomsimulia, neno kwa neno. Mimi niliendesha gari tu.

Paskali