Ulipofika Kingolwira

Mji Mpya,
Morogoro.
11 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Hafidhi,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeshaipokea, usihangaike kuniamkia. Hujambo lakini? Kifundo cha mguu je, bado unakifunga bandeji kabla ya mechi? Kwenye picha za timu naona umekonda uso, na yule kocha wenu mwenye upara naye kakonda, sijui huko Ubelgiji mnanyimana nini. Nimeona pia kwamba mmetolewa kwenye mtoano wa ligi ya kikapu. Pole, mdogo wangu. Robo ya mwisho niliitazama kwenye simu huku nina shati la mteja mapajani, nikalishona mkono mpaka ukafungana, ikabidi nifumue upya.

Sisi huku tupo. Masika ya mwaka huu hayana adabu. Milima imejifunika wiki ya pili sasa, na njia ya Matombo imekatika sehemu mbili. Mjomba Pazi magoti yanamsumbua, ila ukali wake uko palepale. Cherehani yangu kila asubuhi inadai mafuta.

Anayekukabidhi barua hii anaitwa Martina. Anafundisha pale chuo cha kilimo, na ni mteja wangu wa magauni wa siku nyingi. Amekuja huko kusoma. Nimemwomba akupe mkononi, akae nawe mpaka umalize. Mpe kiti, nawe ukae. Usisome umesimama, Hafidhi, na kama unakwenda mazoezini, barua iweke mpaka urudi.

Umekaa?

Mama hayupo. Mama yetu alifariki Jumatano, tarehe 22 Januari, kabla ya adhuhuri, chumbani kwangu hapa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Karatasi hii ni ya saba. Sita za mwanzo nilizichana nilipofika hapa.

Najua sasa hivi unahesabu miezi. Hesabu, ni haki yako. Ninachoogopa ni kwamba ukishamaliza kuhesabu hutakanyaga tena Morogoro, na mimi nitakuwa nimepoteza wawili. Lakini nimechoka kusema uongo, mwenzio. Nimechoka mpaka mifupa.

Ilianza Novemba, tumbo. Tulimtoa kijijini Matombo nikamleta kwangu ili awe karibu na hospitali. Wewe ulipopiga simu tukakuambia ni malaria. Haikuwa malaria. Madaktari walitueleza kwamba ini limeshaharibika, na wao hawakutuficha hata kidogo. Walioficha ni sisi.

Unakumbuka baba alipofariki. Ulikuwa Misri unajaribiwa, kocha wa kule ameshakupenda, ukaacha kila kitu ukaja kuzika, na uliporudi nafasi yako wamempa mtu mwingine. Ukakaa hapa miaka miwili unacheza ligi ya mkoa kwenye ule uwanja wa saruji uliopasuka, ukirudi nyumbani husemi na mtu. Mama alikuwa anakutazama unavyokula umeinamisha kichwa. Ndipo siku moja akatuita mimi na mjomba, akatuapisha kwamba akifa yeye, usiambiwe mpaka msimu uishe. Mjomba alilishika neno hilo kwa mikono miwili, nawe unajua kwetu mjomba akishasema nani mwingine anasema.

Hilo lilikuwa neno la kwanza la mama. Lingekuwa ni hilo tu, barua hii ingekuwa fupi.

Mwanzoni mwa Januari alibadili. Nilikuwa namsugua miguu kwa mafuta ya nazi, akaniambia taratibu, bila kulia: "Mwanvita, mwite Fidhi aje. Nimeghairi. Nataka nimwone." Alikuwa na akili zake timamu, maana baada ya hapo alinigombeza kwamba mafuta namwaga.

Na wewe ndiyo kwanza ulikuwa umetoka benchi. Miezi minane unakaa pale pembeni umevaa koti, unawapigia wenzako makofi, halafu Desemba ukarudi kwenye wale watano wa kwanza, na mkataba mpya utaamuliwa Machi. Nikaenda kwa mjomba. Akasema aliyetuapisha alikuwa mzima, huyu wa sasa yanayosema ni maumivu. Nilijua anakosea. Wallahi nilijua, Hafidhi. Ningeweza kutoka nje ya nyumba yake nikakupigia, dakika moja tu, na nisingekufa. Sikupiga. Usije ukamlaumu mzee peke yake, simu ilikuwa mkononi mwangu.

Nikuambie na lililo baya zaidi, ambalo hata mjomba hajui. Nilikuwa naona fahari. Mteja akija kupimwa, kabla sijashika futi namwonyesha picha yako uko hewani, mpira umeushika kwa mkono mmoja, Wazungu wako chini yako wanatazama juu. Niliogopa kwamba ukija kumwona mama hutaondoka tena, na mimi nitarudi kuwa Mwanvita fundi cherehani basi. Ona dada uliyenaye.

Basi nikamwambia mama uko njiani.

Tangu hapo kila nikiingia chumbani anauliza, amefika wapi? Siku ya kwanza nikasema unaomba ruhusa kwa kocha. Siku ya nne nikakupandisha ndege. Nikakulaza Addis Ababa siku tatu, eti ndege mbovu. Nikakufikisha Dar, nikakutafutia homa ya kukuweka kitandani huko kwa marafiki. Treni ya umeme sikuthubutu kukupandisha, ingekufikisha huku chini ya saa mbili na mimi ningeumbuka. Nikakutia kwenye basi, na basi nikaliharibu Chalinze. Mama alikuwa anakuonea huruma, anakuombea dua, anasema kwa miguu ile kiti cha basi kitamuumiza mwanangu magoti.

Kisha akakumbuka kulala kwako. Wewe tangu kidato cha pili ulikuwa unalala miguu imewekwa kwenye stuli, na mama jambo hilo lilikuwa linamkera. Akamwita Gervas, yule seremala jirani yangu, akamwagiza kitanda cha futi saba na nusu. Gervas akanitazama, nikatazama chini. Alikitengeneza kwa mninga, akaja kukiunganisha mle mle chumbani, kwa sababu kingekuwa kizima kisingepita mlangoni. Mama alisogea akakipima kwa shibiri, kuanzia kichwani mpaka miguuni, akipumzika katikati. Mkono wenyewe ulikuwa umebaki ngozi. Nilimwambia akilalie apate nafasi, akakataa. Alisema cha mwanangu hicho, mtakichafua.

Tulimzika Matombo kando ya bibi, kama alivyotaka. Gari lilikwama, wanaume wakambeba njia yote iliyobaki, kwenye tope. Mimi kaburini sikuwepo, lakini nimeambiwa. Shehe alisema washuke walio karibu naye wampokee, na watu wakawa wanatazamana, kwa sababu mtoto wa kiume wa mama ni wewe peke yako. Alishuka mjomba Pazi na magoti yake yale. Kutoka ikabidi avutwe na watu wawili. Tangu siku hiyo hajalitaja jina lako, na ukali wote alionao sasa nadhani ni huo.

Baada ya hapo mimi ndiye niliyekuwa mama. Februari ulipotaka kumsikia, nilikuambia yuko Matombo na mtandao hakuna. Uliposhikilia, nikatafuta kwenye simu yangu ujumbe wake wa sauti wa mwaka juzi, ule anaosema kula mwanangu, kula ushibe, na jogoo anawika nyuma yake. Nikautuma. Ukaniandikia kwamba umeusikiliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ukaingia ukafunga pointi ishirini na tatu. Nilisoma hayo nimekaa kwenye cherehani, nikashindwa kukanyaga pedeli. Uliniuliza pia mbona jogoo anawika wakati nilikuambia mama ameurekodi jioni. Nikakujibu jogoo wa Matombo hana saa. Ukacheka. Ewe Mola, ukacheka.

Ramadhani ikaja, nikakuandikia mama anafunga. Idi, nikakuandikia mama amependa kitenge ulichomtumia. Kitenge kimo kabatini, sijakikata.

Ningeendelea mpaka lini, sijui. Mjomba alitaka tukuache mpaka ushuke uwanja wa ndege, upokewe na watu wa kukushika. Lakini wiki iliyopita umeniandikia kwamba msimu ujao unataka mama akae uwanjani akuone kwa macho, na kwamba nimpeleke akapigwe picha ya pasipoti. Umesema avae ule mtandio wa bluu. Hafidhi, niliutoa ule mtandio kabatini. Nikaukunjua, nikaukunja tena, nikaenda kununua karatasi.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa mimi ndiye wewe, nisingesamehe, na hasira zangu unazijua. Nitukane kwa barua, kwa simu, mbele za watu, sitajibu neno. Mkataba umeupata, miaka miwili, kila mtu hapa mtaani ananipongeza, na mimi kila nikipongezwa naona nimeuuza mkono wa mama. Alikuwa anaunyoosha kila mlango ukilia.

Mjomba anakusalimu, hakunituma, lakini nimemwona anasimama nje ya dirisha langu wakati naandika, na amesimama muda mrefu. Gervas anakusalimu. Majirani wote wa mtaa huu wanakusalimu, na wote walijua, na wote walinyamaza kwa ajili yangu. Msalimie Martina, mwambie ahsante kwa kukaa.

Limebaki moja, nililiacha kwa sababu nilikuwa siliwezi. Sasa hata silali nalo.

Jumatano ile asubuhi nilimkuta amegeukia mlangoni. Akauliza, amefika wapi? Nikaona haya kumwambia bado uko Chalinze. Nikasema, mama, amefika Kingolwira, hapo tu, ameshapiga simu. Alitabasamu. Akasema basi mlango msifunge, na chai ibandikwe. Nikaenda jikoni kubandika chai, chai ya kweli, Hafidhi, ya watu watatu, kama vile na mimi nilikuwa nimeshaamini. Niliporudi alikuwa amekwenda, uso uko mlangoni vilevile.

Kutoka Kingolwira mpaka hapa ni mwendo wa dakika chache, na mimi nimekuacha hapo tangu Januari. Kitanda chako nakifuta vumbi kila Ijumaa. Hakuna aliyekilalia. Njoo umalizie hicho kipande kilichobaki, hata ikiwa ni kuja kumzuru mama na kuondoka bila kunipa mkono.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kuibeba siku hii, na akulinde wewe na miguu yako.

Dada yako, kama bado unanihesabu hivyo,

Mwanvita